Dawa Mbili Ndani ya Pumzi Moja: Mwongozo Kamili wa Pampu ya Mchanganyiko kwa Mgonjwa wa Pumu wa Goma

Mama mmoja wa Ndosho aliniwekea mezani pampu mbili. Ya bluu ilikuwa nyepesi, imekwisha. Ya kahawia ilikuwa bado nzito, na vumbi jeusi la barabara zetu limetulia juu ya kifuniko chake. "Hii ya bluu ndiyo dawa, muganga," akasema. "Hii ingine navuta, sisikii kitu. Nikaiacha." Usiku uliotangulia alikuwa amelala ameketi, mgongo ukutani, akingoja kukuche.

Hakuwa mzembe. Alifanya ambacho wengi wangefanya: alishika dawa anayoisikia ikifanya kazi, akaiweka kando ile asiyoisikia. Mimi ni muuguzi hapa Goma na pumu ninayo mwenyewe tangu utotoni, kwa hiyo namwelewa bila kuelezwa. Lakini katika ugonjwa huu, dawa usiyoisikia ndiyo inayokukinga na kifo. Ndiyo maana zimetengenezwa pampu zinazobeba dawa mbili, wakati mwingine tatu, ndani ya pumzi moja. Ile unayoisikia inaibeba mgongoni ile usiyoisikia, na huwezi kuvuta moja ukaiacha nyingine.

Nitaeleza pampu hizo zinavyofanya kazi, namna ya kuzitambua dukani, namna ya kuzivuta, na la kufanya zikikosekana. Dozi yako anaipanga muganga aliyekupima. Mkono na pumzi ni vyako, na hapo ndipo dawa nyingi hupotelea.

Kwanza: hakikisha ni pumu

Kikohozi kilichozidi wiki mbili, hasa kikiambatana na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda au damu kwenye makohozi, kinapimwa kifua kikuu kabla ya mtu kukabidhiwa pampu yoyote. Pumu huja na kwenda: leo unapanda ngazi bila shida, kesho usiku kifua kinapiga filimbi. Inachochewa na moshi, vumbi, baridi, mafua, kicheko kirefu. Kwa wazee waliopika na kuni maisha yao yote, au wavutaji sigara, upungufu wa pumzi unaozidi mwaka hadi mwaka bila kurudi nyuma mara nyingi ni ugonjwa mwingine wa mapafu sugu, na dawa zake hupangwa tofauti. Nitaugusa mbele kidogo.

Kifua kinaugua mara mbili

Fikiria mpira wa kumwagilia maji. Mtu akiukanyaga, maji yanapungua papo hapo. Hivyo ndivyo misuli inayozunguka mirija ya hewa inavyofanya ikijikaza. Sasa fikiria mpira huohuo ukiwa umejaa matope ndani: hata kama hakuna aliyeukanyaga, maji yanapita kwa taabu. Huo ndio uvimbe na ute wa pumu. Mgonjwa ana vyote viwili kwa pamoja, mguu juu ya mpira na matope ndani yake.

Salbutamol, ile ya pampu ya bluu ambayo wengi wetu tunaiita Ventoline, inainua mguu. Ndani ya dakika chache unapumua, na nafuu hiyo hudumu saa 4 hadi 6. Matope haiyagusi. Mtu akiitegemea peke yake anahisi amepona huku uvimbe ukiendelea kimyakimya, mpaka siku ambayo hata mivuto kumi haifungui tena kitu. Kwa sababu hiyo, tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unaoitwa GINA haupendekezi tena kumtibu mtu mzima au kijana kwa salbutamol peke yake.

Wanaosafisha matope ni steroidi za kuvuta: budesonide, beclometasone, fluticasone. Zinafanya kazi polepole, kwa siku na wiki, na hazitoi hisia yoyote kifuani. Watu wengi wanaziogopa kwa sababu wamesikia habari za steroidi za vidonge, na woga huo una msingi, maana wapo wanaojinunulia vidonge vya deksametazone na kuvimba uso. Lakini linganisha vipimo. Kidonge kimoja cha prednisolone cha miligramu 5 ni maikrogramu 5,000, nazo zinazunguka mwili mzima. Mvuto mmoja wa budesonide mara nyingi ni maikrogramu 200, unaopelekwa pale penye ugonjwa. Mvuto huo ni sehemu moja ya ishirini na tano ya kidonge.

Kisha kuna dawa zinazoinua mguu kwa muda mrefu, kama saa 12: formoterol na salmeterol. Formoterol huanza kazi ndani ya dakika chache, jambo ambalo salmeterol haiwezi, na tofauti hiyo ikumbuke, tutaihitaji. Dawa hizi zikitumiwa peke yake kwa pumu ni hatari. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2006 uliona vifo vingi zaidi vya pumu kwa watu walioongezewa salmeterol kuliko kwa wale walioongezewa pampu tupu ya kulinganishia, isiyo na dawa ndani. Mguu uliinuliwa, mgonjwa akajisikia mzima, matope yakazidi. Dawa hizi ndefu katika pumu hazitolewi bila steroidi, na njia salama kuliko zote ni kuzifungia ndani ya pampu moja.

Na zikikaa pamoja husaidiana kweli. Steroidi huzifanya chembe hai (seli) za mapafu zitengeneze vipokezi zaidi ambavyo dawa kama formoterol huvishika. Formoterol nayo huisaidia steroidi kuingia ndani ya kiini cha chembe, ambako ndiko inakofanya kazi.

Safari ya punje

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mtu akishaielewa punje ya dawa haniulizi tena kwa nini namsumbua na namna ya kuvuta.

Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Punje ya dawa yenye zaidi ya mikroni 5 haiwezi kukata kona ya koo. Inagonga nyuma ya ulimi na kumezwa. Iliyo chini ya mikroni 1 ni nyepesi mno, nyingi huingia na kutoka tena na pumzi. Zinazofika kwenye mirija midogo na kutua ni zile za kati, mikroni 1 hadi 5. Hata kwa anayevuta vizuri, sehemu kubwa ya dozi hubaki kinywani na kooni. Kwa anayevuta vibaya karibu yote hubaki huko.

Wazo la kuiweka dawa ya pumu kwenye kopo la kupuliza lina hadithi ninayoipenda. Mwaka 1955 msichana wa miaka 13 mwenye pumu, Susie, alimuuliza baba yake kwa nini dawa yake isiwe kwenye kopo kama marashi ya nywele. Baba huyo, George Maison, alikuwa mkuu wa Riker Laboratories huko Marekani. Mwaka uliofuata, 1956, pampu za kwanza za namna hiyo zilikuwa sokoni. Watoto wangu wa kliniki nikiwasimulia hilo huishika pampu yao kwa namna nyingine.

Kuweka dawa mbili ndani ya kopo au kifaa kimoja ni kazi ngumu zaidi, na kuna njia kadhaa.

Katika pampu za unga, kila dawa husagwa hadi kuwa laini kupita unga wa muhogo. Punje ndogo hivyo hushikana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo huchanganywa na chembe kubwa za laktosi, yaani sukari ya maziwa, nazo hujibandika juu yake. Ukivuta kwa nguvu, pumzi yako inazibandua. Dawa inaenda mapafuni, sukari inagonga kinywani na kuacha utamu mdogo. Hakuna gesi wala injini ndani yake. Pumzi yako ndiyo injini, na ukivuta kwa uvivu punje hazibanduki.

Katika pampu za gesi, dawa huelea ndani ya kimiminika chenye mgandamizo au huyeyushwa ndani yake. Zile zinazoelea hutulia chini zikikaa, kama uji usiokorogwa, na ndiyo sababu ya kutikisa. Kama hujui ya kwako ni ya aina gani, itikise kila mara.

Katika njia hizi mbili, dawa zinaweza kuwa punje tofauti zinazosafiri pamoja, na si lazima zitue mahali pamoja. Ndiyo maana watengenezaji walitafuta namna ya kuzifunga pamoja zaidi. Njia moja hutumia chembe za mafuta ya fosfolipidi zenye matundu mengi, na mtu wa Goma hahitaji kuelezwa sana: ni kama jiwe letu la volkano, kubwa kwa macho, jepesi mkononi, limejaa vishimo. Fuwele za dawa hujishikiza kwenye chembe hizo na kusafiri nazo, kila mvuto ukibeba uwiano uleule. Pampu iitwayo Breztri, iliyoidhinishwa Marekani 2020 kwa ugonjwa wa mapafu sugu, hubeba kwa njia hiyo dawa tatu: budesonide, formoterol na glycopyrronium.

Njia nyingine, ambayo watafiti wanaishughulikia sana hata kwa dawa za kifua kikuu, ni kuyeyusha dawa zote katika maji yaleyale, kuyapuliza kuwa matone madogo ndani ya hewa ya moto, na kuacha kila tone likauke kuwa punje moja yenye dawa zote. Punje hiyo ikitua popote, dawa zote zimetua hapo. Ugumu wake ni kwamba punje zilizokaushwa hivyo hupenda kunyonya unyevu na kushikana, kwa hiyo huongezewa vitu kama leusini, ambayo ni asidi ya amino, ili zitawanyike.

Usijaribu kuiga kazi hiyo nyumbani. Nimekuta mtu amefungua kapsuli mbili akachanganya unga wake, na mwingine aliyemimina dawa tofauti kwenye mashine ya mvuke kwa kukisia. Ukubwa wa punje na uwiano wake haviwezi kupatikana mezani.

Dukani: soma miisho ya majina

Rangi ya pampu isikudanganye, kila kiwanda kina rangi zake. Soma majina ya dawa, si jina la biashara. Majina yanayoishia na *-terol*, kama formoterol, salmeterol, vilanterol na indacaterol, ni ya kufungua mirija. Budesonide, beclometasone na fluticasone ni steroidi. Yanayoishia na *-ium*, kama tiotropium na glycopyrronium, ni kundi la tatu: nayo hufungua mirija, lakini kwa kuzuia amri ya mishipa ya fahamu inayoikaza misuli.

Sanduku la mchanganyiko wa pumu lazima lionyeshe steroidi moja na *-terol* moja. Ukiona *-terol* ndefu peke yake na wewe una pumu, irudishe na uulize. Mchanganyiko wa *-terol* na *-ium* bila steroidi ni wa ugonjwa wa mapafu sugu, si wa pumu. Katika ugonjwa huo dawa tatu hutolewa kwa baadhi tu ya wagonjwa, hasa wanaozidiwa mara kwa mara, kwa sababu kwao steroidi huongeza uwezekano wa nimonia.

Namba nazo zina maana. 200/6 kwenye budesonide na formoterol ni maikrogramu 200 za steroidi na 6 za formoterol kwa mvuto. Pampu ileile baadhi ya nchi huiandika 160/4.5, kwa sababu huhesabu kinachotoka kwenye kifaa badala ya kinachopimwa ndani yake. Usidhani umeuziwa dhaifu. 400/12 haifai kutumiwa kama dawa ya dharura. Ni ya asubuhi na jioni tu.

Budesonide na formoterol wamo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo kuuliza dawa hii si kuuliza anasa. Angalia tarehe ya mwisho, angalia kama muhuri haujafunguliwa, na usinunue pampu iliyoanikwa juani mezani.

Usiwe na pampu mbili zenye *-terol* ndefu kwa wakati mmoja. Hiyo ni kuzidisha dozi bila kujua, na moyo ndio utakaolalamika.

Kuvuta pampu ya gesi

Simama au keti wima. Ondoa kifuniko na uchungulie ndani. Nimewahi kutoa kipande cha makala (makaa) kwenye mdomo wa pampu iliyokaa mfukoni. Kama ni mpya au haijatumika kwa siku kadhaa, pulizia hewani mara chache kama karatasi yake inavyosema. Itikise. Kisha toa pumzi yako yote nje, taratibu, mpaka mapafu yawe matupu. Hatua hii wengi huiruka, na kifua kilichojaa hakina nafasi ya kupokea.

Funga midomo kuzunguka pampu, ulimi chini. Anza kuvuta pumzi polepole, na mara tu baada ya kuanza bonyeza mara moja. Endelea kuvuta polepole, sekunde 3 hadi 5. Toa pampu, funga mdomo, shika pumzi hadi ufikishe kumi kwa kuhesabu taratibu. Zile sekunde kumi ndizo zinazoziacha punje ndogo zitue. Kama dozi ni mivuto 2, ngoja nusu dakika, tikisa tena, rudia yote. Kubonyeza mara mbili katika pumzi moja ni kupoteza.

Ukiona ukungu unatoka puani au pembeni mwa mdomo, dawa haikwenda kifuani.

Chemba ya chupa

Kubonyeza na kuvuta kwa pamoja ni kugumu kwa mtoto, kwa mzee, na kwa yeyote aliyezidiwa. Dawa yake ni chemba, chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo ili punje kubwa zigonge humo badala ya kooni. Zile za dukani ni ghali na mara nyingi hazipo. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha matokeo yao: kwa watoto wenye pumu, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na chemba ya kiwandani. Chupa ya maji ya nusu lita kila mtu wa Birere anaijua.

Chukua chupa safi isiyonusa kitu. Pinda waya mnene ufuate umbo la mdomo wa pampu yako, upashe moto, uubonyeze katikati ya kitako cha chupa mpaka plastiki iyeyuke na tundu litokee. Fanya hivyo nje, mtoto akiwa mbali. Tundu liwe la kubana. Kikibaki kinafasi, ziba kwa utepe wa kunata. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, suuza sehemu ya mdomo tu, iache ijikaushe yenyewe. Usiisugue kwa kitambaa, kwa sababu kusugua plastiki kunaipa umeme tuli unaonasa dawa ukutani mwake. Ioshe hivyo hivyo kila mwezi, au mapema zaidi ikichafuka.

Pampu inaingia kitakoni, mdomo wa chupa unaingia mdomoni. Tikisa, bonyeza mara moja, mtoto apumue ndani na nje mara 5 au 6 huku midomo imebana. Mtoto asiyeweza kubana midomo, kwa kawaida aliye chini ya miaka 4, anahitaji chemba yenye barakoa, na dozi na aina ya dawa yake iamuliwe na daktari. Pampu ya unga haiingii kwenye chupa kamwe.

Kuvuta pampu ya unga

Hapa mambo yanageuka. Hutikisi. Unapakia dozi kama kifaa kinavyotaka: kuna za kuzungusha mpaka zilie "tak", za kusukuma kitasa, na za kutoboa kapsuli. Zile za kuzungusha zishike wima unapopakia. Geuza kichwa pembeni utoe pumzi yote. Usipumue ndani ya kifaa, unyevu wa pumzi utaugandisha unga. Kisha funga midomo na vuta kwa nguvu tangu mwanzo, kwa haraka na kwa kina. Shika pumzi kwa sekunde kumi.

Huenda usisikie ladha wala chochote. Dozi ni ndogo mno. Usirudie kwa sababu hukusikia. Na ule mchakacho unaousikia ukitikisa baadhi ya pampu za unga si dawa. Ni vikaushio vya kunyonya unyevu, na huendelea kuchakacha hata dawa ikiwa imekwisha. Mzee mmoja wa Majengo alivuta hewa tupu mwezi mzima kwa kuamini mchakacho huo. Soma kaunta, yaani kidirisha cha namba kinachoonyesha mivuto iliyobaki.

Kapsuli za kuvuta hazimezwi. Nasema kwa sababu zinamezwa, na duka likimpa mtu kapsuli bila kifaa chake atafanya nini kingine?

Baada ya kuvuta

Sukutua kwa maji, gogomoa koo, tema. Steroidi ikibaki kinywani inaweza kuleta utando mweupe wa fangasi na sauti ya kukwaruza. Wengi huvuta kabla ya kupiga mswaki, na kazi inakuwa moja. Mikono kutetemeka kidogo au moyo kwenda mbio ni kazi ya *-terol*, na kwa kawaida hupungua kadiri siku zinavyokwenda.

Mama mjamzito, endelea na dawa yako. Pumu isiyotulia inamnyima mtoto hewa, na hilo ni baya kuliko mvuto wa steroidi.

Pampu moja kwa kila siku na kwa dharura

Sasa ikumbuke ile tofauti ya formoterol. Kwa kuwa inafungua haraka, pampu ya budesonide na formoterol inaweza kuwa ya asubuhi na jioni na pia ya kuvuta pale kifua kinapobana. Kila ukiitafuta nafuu unajipa na steroidi, wakati uleule uvimbe unapoanza kupanda. Mpango wa kawaida kwa mtu mzima ni mvuto 1 au 2 asubuhi na jioni. Kifua kikibana anaongeza mvuto 1, anangoja dakika chache, anaongeza mwingine kama haijatosha. Jumla ya mivuto yote ya siku, ya 200/6, haizidi 12. Ukikaribia hapo, usingoje kesho, nenda hospitali.

Mchanganyiko wa fluticasone na salmeterol hauendi hivyo. Ni mzuri kwa asubuhi na jioni, lakini salmeterol hailingani na haraka ya dharura, kwa hiyo unahitaji salbutamol pembeni.

Na pampu ya mchanganyiko ikikosekana kabisa? Barabara zikifungwa na mizigo ikichelewa, hilo linatokea kwetu. Ukipata salbutamol na steroidi kwa pampu mbili, zifanye kama moja: steroidi kila siku kama ulivyopangiwa, na kila unapovuta salbutamol kwa kubanwa, vuta na steroidi papo hapo, ya kufungua ikitangulia. Zifunge pamoja kwa mpira wa kubana, ili mkono usichukue moja bila nyingine.

Dalili za kukimbilia hospitali ni hizi: huwezi kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi, midomo inageuka buluu au kijivu, usingizi na kuchanganyikiwa, mbavu za mtoto zikiingia ndani kila akivuta, au kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kimenyamaza ghafla huku mtu akihangaika. Kimya hicho ni kibaya kuliko filimbi. Njiani, mtu mzima aendelee na salbutamol kwa chupa, mivuto 4 hadi 10, mmoja baada ya mwingine, kila dakika 20 kwa saa ya kwanza.

Hewa ya mji wetu

Volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, hutoa gesi ya salfa, na gesi hiyo huikaza mirija ya mwenye pumu. Siku ambazo upepo unaishusha mjini na koo linawasha, funga madirisha, acha kukimbia na kubeba mizigo, na usiruke dozi ya asubuhi. Mazuku ni kitu kingine kabisa: hiyo ni kaboni dioksidi iliyolala mabondeni, hainuki, na hakuna pampu inayoisaidia. Ondoka, panda juu.

Mbabula, jiko letu la makaa, ipikie nje au barazani, na usiiingize chumbani usiku hata kukiwa na baridi kiasi gani. Pampu ya gesi nayo isikae karibu na mbabula wala juani. Kopo likipata moto linaweza kupasuka. Pampu ya unga usiiweke palipo na mvuke au ukuta unaovuja msimu wa mvua.

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, tuliamriwa kuhama, nami nikashika njia ya Sake pamoja na umati, kilomita zipatazo 25. Nilichukua sufuria, blanketi na karatasi za nyumba. Pampu ilibaki juu ya kabati. Usiku ule wa vumbi na moshi wa magari sitausahau. Tangu siku hiyo pampu ya akiba inakaa ndani ya mfuko mmoja na kitambulisho, na wagonjwa wangu wote nawaambia wafanye hivyo hivyo, pamoja na karatasi iliyoandikwa jina la dawa, namba zake na dozi, ili muganga yeyote wa mahali popote aendeleze.

Kuhesabu

Kuliweka kopo kwenye maji kuona kama linaelea hakukuambii kitu cha kuaminika. Pampu yenye kaunta, isome. Isiyo na kaunta, gawanya: mivuto 120 kwa mivuto 4 ya siku ni siku 30. Andika tarehe ya kuanza kwenye utepe, ubandike kwenye pampu, na anza kutafuta mpya zikibaki siku kumi. Rudi kwa muganga baada ya mwezi na kisha kila miezi michache, ukiwa na pampu mkononi, uvute mbele yake. Kifua kikitulia kwa miezi mitatu dozi inaweza kupunguzwa, lakini yeye ndiye apunguze.

Mama wa Ndosho alirudi baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimempa pampu ya unga ya mivuto 120, miwili asubuhi, miwili jioni, na ruhusa ya kuongeza akibanwa. Niliigeuza nikasoma kaunta: 64. Siku 14, mivuto 56. Hakuruka hata siku moja, na hakuhitaji hata mvuto mmoja wa ziada.